Maswali Yenu Kuhusu Kérékou wa Benin

Makala yangu kuhusu Mathieu Kérékou, aliyeitwaa Benin kwa bunduki mwaka 1972, akaondolewa kwa kura 1991 na kurudi kwa kura 1996, imeniletea barua nyingi. Leo nazijibu chache.

Dikteta mwenye jeshi zima mkononi aliitishaje mkutano uliompokonya nguvu? (Msomaji, Tanga)

Hazina ilikauka. Mwaka 1974 Kérékou alitangaza kwamba nchi itafuata njia ya Marx na Lenin, mwaka uliofuata akaliondoa jina la Dahomey na kuiita Benin, chama kikawa kimoja tu. Benki tatu za serikali zilikopesha wakubwa bila kudai, na mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaanguka pamoja na akiba za watu. Walimu na watumishi wakakaa miezi bila mshahara. Wanafunzi wakagoma, wafanyakazi wakafuata, na Ufaransa na wakopeshaji wengine wakafumba mkono. Desemba 1989 akaitupa itikadi ile na kukubali mkutano wa kitaifa.

Hakuuita umng'oe. Alitaka wajumbe washauri, yeye aamue. Ulifunguliwa tarehe 19 Februari 1990 katika hoteli ya PLM Alédjo, Cotonou, ukiwa na wajumbe karibu 500: wafanyakazi, wakulima, wasomi, watu wa dini, hata marais wa zamani Hubert Maga na Justin Ahomadégbé, ambao yeye mwenyewe aliwaweka kizuizini hadi 1981. Uenyekiti alipewa Askofu Isidore de Souza. Siku chache baadaye wajumbe wakapiga kura kwamba mkutano wao ndio wenye mamlaka ya juu kabisa nchini, na maamuzi yake yanamfunga kila mtu, rais akiwamo. Kérékou alighadhibika, akasema hayo ni mapinduzi ya kiraia. Kisha, tarehe 28, akayakubali yote. Akabaki na urais wa jina. Serikali ikaenda kwa waziri mkuu mpya, Nicéphore Soglo, aliyewahi kufanya kazi Benki ya Dunia.

Siku hiyo ndiyo ninayomheshimia. Ufukara wa serikali ulimfikisha pale ukumbini, lakini askari walikuwa bado wanamtii, na angeweza kuwatuma.

Basi tumwite baba wa demokrasia? (Msomaji, Nairobi)

Mimi simwiti hivyo. Kuna watu waliooza katika gereza la Ségbana kwa kosa la kusoma na kusambaza vijikaratasi. Kuna Kapteni Michel Aïkpé, waziri wake wa mambo ya ndani, aliyeuawa na walinzi wa rais Juni 1975. Waliogoma wakiwa na njaa wanalistahili jina hilo kabla yake, na Askofu de Souza pia.

Alifikishwa mahakamani? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana. Machi 1991 Soglo alimshinda kwa takriban theluthi mbili ya kura, na serikali ya mpito, kabla ya kuondoka, ikampa Kérékou kinga kamili kwa yote aliyotenda tangu Oktoba 1972. Nikiwafikiria wafungwa wa Ségbana, jambo hili linanichoma. Lakini siamini kwamba angetoka Ikulu kwa amani akijua anakwenda jela. Ninachodai mimi ni kwamba waliotendewa wangepewa jukwaa, waseme yaliyowapata mbele ya taifa. Hilo lisingemfunga mtu, na walilistahili.

Sasa wananchi walewale walimrudishaje? (Msomaji, Dodoma)

Soglo aliinua uchumi lakini alitoza watu gharama kubwa, na Januari 1994 sarafu ya nchi, faranga ya CFA, ikapunguzwa thamani kwa nusu. Watu walichoka pia kuona mke wake na jamaa zake wakiwa kila mahali serikalini. Kérékou alikaa kimya karibu miaka mitano, akajitokeza akiwa mlokole, mpole wa maneno, na Machi 1996 akashinda kwa zaidi ya asilimia 52.

Sikilizeni kilichofuata, maana kwangu ndicho kiini cha habari yote. Katiba ya 1990 inamtaka rais aape mbele ya Mungu na mizimu ya wahenga. Siku ya kuapishwa, Kérékou, kwa ulokole wake, akairuka mizimu. Mahakama ya Katiba, iliyoongozwa na jaji mwanamke, Elisabeth Pognon, ikasema kiapo ni batili. Na yule aliyekuwa akitawala kwa amri akarudi, akaapa upya, neno kwa neno. Sidhani kama alikuwa amebadilika moyoni kuliko wanadamu wengine. Safari hii palikuwa na watu wenye haki ya kumwambia rudia, na walimwambia.

Hata sisi Zaire tulikuwa na Mkutano wa Kitaifa. Mbona wetu ulikwama? (Msomaji, Bukavu)

Ndugu yangu, wa kwenu ulifuata nyayo za Benin, hata mwenyekiti alikuwa askofu, Monsengwo. Agosti 1992 ulimchagua Étienne Tshisekedi, mpinzani wa Rais Mobutu, kuwa waziri mkuu. Lakini Mobutu alibaki na kikosi chake maalumu na Benki Kuu, kwa hiyo Tshisekedi alipewa cheo bila funguo. Kérékou hakuwa na fedha za kuwanunua wapinzani wala za kuwalipa askari. Tazama pia ng'ambo ya mto kwa jirani zako wa Brazzaville: Rais Sassou Nguesso naye alishindwa uchaguzi, 1992, ila yeye alirudi 1997 kwa vita.

Mwishowe aliondoka kwa hiari? (Msomaji, Mombasa)

Uchaguzi wa 2001 ulikuwa na doa: Soglo na mpinzani mwingine, Adrien Houngbédji, walijitoa duru ya pili wakidai kura zimechakachuliwa. Lakini ilipofika 2006 alikuwa amemaliza vipindi viwili na kuvuka miaka 70, ukomo wa umri katika katiba. Wapo waliomshawishi aibadili. Hakuibadili. Aprili mwaka huo alimkabidhi nchi Yayi Boni, akaishi Benin raia wa kawaida hadi alipofariki, Oktoba 2015.