Unataka kazi ya uhifadhi? Anza na wenye mashamba

Vijana wanaomaliza vyuo vya wanyamapori vya Mweka na Pasiansi, au Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), huniuliza swali lile lile: nifanyeje nipate kazi ya wanyamapori? Ukiwasikiliza utaona wengi wanawaza Land Cruiser, darubini shingoni na simba waliolala chini ya mgunga. Jibu langu huwapoza kidogo. Kama huwezi kukaa kwenye mkutano wa kijiji kutwa nzima, ukifokewa kwa jambo ambalo hukulifanya, tafuta kazi nyingine mapema. Mimi nimefanya kazi upande wa ujirani mwema, kwenye vijiji vinavyopakana na hifadhi, na nimeshinda na wakulima kuliko nilivyoshinda na tembo.

Tembo huja usiku, mahindi yanapokuwa yamekomaa. Asubuhi yake ndipo kazi yako inapoanza. Fika siku hiyo hiyo, hata kama huna kitu mkononi. Mwombe mtendaji wa kijiji na afisa kilimo muongozane, maana bila wao tathmini haitembei. Piga picha za nyayo, kinyesi na mabua yaliyolala kabla jua na ng'ombe hawajafuta ushahidi. Mwache mwenye shamba aongee mpaka amalize. Halafu usiahidi pesa. Tafadhali, usiahidi pesa. Serikali ya Tanzania hailipi thamani ya mazao yaliyoliwa. Inatoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka shilingi milioni moja kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na kwa mazao malipo yaliishia ekari tano. Shamba lililo ndani ya mita 500 kutoka mpaka wa hifadhi halikuhesabiwa kabisa. Soma kanuni zinazotumika sasa, uziweke kichwani, na umweleze mkulima kabla hajajaza fomu. Atakasirika. Heri akasirike leo kuliko aje agundue mwenyewe baada ya miezi ya kusubiri, kwa sababu hapo hatakuamini tena hata ukimwambia kesho ni Jumatatu.

Usiku nako kuna utaratibu wake. Kwenye vijiji kadhaa vya kaskazini, vikundi vya doria hutumia vifaa kwa ngazi: kwanza tochi kali, tembo asipotikisika honi, kisha bomu la pilipili, mwisho fataki. Bomu lenyewe ni unga wa pilipili na mchanga ndani ya kondomu, na kibaruti cha kulilipua. (Jiandae kueleza ofisini kwa nini mradi wa tembo unanunua kondomu kwa maboksi.) Angalieni upepo kwanza, msije mkakohoa ninyi badala ya tembo. Aliyekunywa pombe abaki nyumbani, hata kama ndiye shujaa wa kijiji.

Mizinga ya nyuki pia inasaidia. Kule Sagalla, Kenya, jirani na hifadhi ya Tsavo Mashariki, wakulima wameizungushia mashamba, imeunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Ila ukame ukija nyuki huhama, na uzio unabaki mizinga mitupu. Anayekuuzia dawa moja ya tembo kwa miaka yote hajalala shambani.

Waliofika mbali katika kazi hii wamepitia mlango huo huo wa watu. Daktari Gladys Kalema-Zikusoka wa Uganda aliwatibu sokwe (gorila) wa msitu wa Bwindi walioshikwa na upele uliotoka kwa binadamu. Mwaka 2003 akaanzisha shirika linaloshughulikia afya ya wanavijiji na ya sokwe kwa pamoja. Huko Assam, India, Purnima Devi Barman aliona mti wenye vifaranga vya hargila ukikatwa na mwenye mti, kwa sababu korongo huyo ananuka na watu walimwona ni nuksi. Angeweza kukimbilia polisi. Yeye aliwafuata kina mama wa vijiji, wakapika pamoja, wakaimba, wakafuma picha ya ndege huyo kwenye sari zao. Leo kina mama hao wanazidi elfu kumi.

Sasa la usalama. Virunga, hifadhi ya mashariki mwa Kongo iliyoanzishwa mwaka 1925, imezika askari zaidi ya 200. Aprili 2020 askari 12 waliuawa kwa siku moja karibu na Rumangabo. Si kila kituo ni Virunga, lakini kabla ya kusaini mkataba uliza: nina bima? Nikifa, nani anamlipa mke wangu au wazazi wangu, na kwa muda gani? Usione aibu. Mwajiri anayenung'unikia swali hilo amekwisha kulijibu. Uliza pia pesa za mfadhili zinakwisha lini, kwa sababu miradi mingi ni ya miaka michache, na ikifungwa hata gari hurudishwa.

Mwisho, jifunze kuendesha pikipiki na ukate leseni. Nimeona maombi yenye shahada mbili yakiwekwa pembeni kwa kukosa kikaratasi hicho. Gari la mradi huwa ni moja, na bosi huwa ameondoka nalo.