Tenda za Serikali Mombasa: Bei Nzuri Haitoshi Kama Karatasi Zina Kasoro

Wafanyabiashara wengi wadogo wakikosa tenda hudhani bei yao ilikuwa juu. Mara nyingi bei hiyo haikulinganishwa na ya mtu yeyote. Kamati ya tathmini huanza na masharti ya lazima, na hapo hakuna maksi: karatasi ipo au haipo. Ikikosekana moja, umetoka, hata kama wewe ndiye uliyekuwa rahisi kuliko wote.

Kwa hivyo faili iwe tayari kabla tangazo halijatoka: cheti cha usajili, CR12 (hati inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa) ya karibuni kutoka eCitizen kama ni kampuni, PIN ya kodi, leseni ya kaunti ya mwaka huu, na cheti cha Mamlaka ya Mapato (KRA) cha kutimiza kodi, ambacho hudumu miezi 12. Angalia tarehe ya kila kimoja. Cheti kinachoisha siku mbili kabla ya zabuni kufungwa ni sawa na kukosa cheti.

Kama biashara ni ya vijana wa miaka 18 hadi 35, wanawake au watu wenye ulemavu, na wana angalau asilimia 70 ya umiliki, chukua cheti cha AGPO, mpango wa serikali wa kuwapa makundi haya nafasi kwenye tenda. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imewatengea asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma, na kwenye zabuni hizo hudaiwi dhamana ya benki. Unajaza fomu ya tamko tu. Cheti ni bure. Anayekutaka pesa ili akutolee anakuibia.

Matangazo yapo tenders.go.ke na kwenye tovuti za taasisi zenyewe: kaunti, Mamlaka ya Bandari, Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor. Anayeanza nampa shauri aombe kwanza kuwekwa kwenye orodha ya wasambazaji, kwa sababu kazi ndogo hupitia kwotesheni, yaani taasisi huomba bei kwa wachache, na wanaoitwa hutoka kwenye orodha hiyo. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Miezi ya kabla yake usipitwe na tangazo la orodha hiyo.

Sasa kujaza, ambako ndiko wengi huanguka. Sheria inataka kurasa zote zipewe nambari mfululizo. Zote: katalogi, nakala za vitambulisho, taarifa ya benki, hata karatasi za rangi za kutenganisha sehemu. Weka nambari baada ya kupanga kila kitu na kabla ya kujalidi. Ukigundua cheti kimesahaulika, usikichomeke katikati ukaandika 47A. Anza nambari upya. Kama wanataka nakala mbili, saini, piga mihuri na weka nambari kwenye ile asili kwanza, ndipo uende saiba kutoa fotokopi. Wengi hutoa fotokopi mapema halafu wanasaini asili peke yake, na asili na nakala zinatofautiana mbele ya kamati.

Kwenye fomu ya zabuni, bei ya tarakimu na ya maneno zilingane, na zilingane pia na jumla ya jedwali la bei. Bei ikishasomwa siku ya kufungua, huna nafasi ya kuirekebisha. Wakitaka zabuni iwe hai kwa siku 120, usiandike 90.

Zabuni ya saa tano asubuhi ikifika saa tano na dakika moja haipokelewi, na foleni ya Daraja la Nyali au feri ya Likoni si udhuru. Ipeleke jana yake. Siku ya kufungua nenda ukae usikilize. Ni haki yako, na utajua wenzako wametia bei gani. Tangazo likisema mfumo wa e-GP, yaani zabuni hupelekwa mtandaoni, fungua akaunti mapema, usingoje usiku wa mwisho.

Unapopiga hesabu ya bei, weka usafiri, tozo ya ununuzi ya asilimia 0.03, na muda wa kungoja malipo. Hili la kungoja limefunga maduka. Chukua LPO (agizo rasmi la ununuzi) ya Sh400,000 kabla ya kodi, kwa aliyesajiliwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani: kodi ni Sh64,000, na ukishapeleka mali, unatakiwa uilipe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ukitoa ile uliyolipa wakati wa kununua, hata kama hujaona senti. Usiguse LPO inayomeza mtaji wako wote. Hazina ya Wanawake na ile ya Vijana hukopesha juu ya LPO. Ziulize kabla ya kwenda kwa shailoki.

Usipeleke mali kwa ahadi ya simu. Subiri LPO iliyosainiwa, peleka, hati ya kupokelea itiwe saini na muhuri, kisha utoe ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Bila hiyo ankara malipo hukwama.

Ukikosa, barua inapaswa kukueleza sababu. Ukiona umeonewa, Bodi ya Rufaa za Ununuzi hupokea malalamiko ndani ya siku 14 tangu ujulishwe, Jumamosi na Jumapili zikihesabiwa, na kuna ada ya kulipa. Kwa kazi ndogo ada hiyo inaweza isikulipe. Dai sababu kwa maandishi, uzilinganishe na masharti ya tangazo moja baada ya jingine.