Marehemu wako ni nani? Kwa wanaoanza somo la dini ya Misri ya kale

Nimemaliza kusahihisha insha za kwanza za muhula huu kuhusu safari ya mfu katika Duat, yaani kuzimu ya Wamisri, na nimeona niwaandikie ninyi mlioingia mwaka huu kabla hamjaanza insha ya pili. Makosa niliyokutana nayo ni yale yale waliyoyafanya wenzenu wa mwaka jana na wa mwaka juzi, na moja kati yake, kama mtakavyoona, nililiasisi mimi. Tofauti ya ba na ka, zile sehemu mbili za nafsi ya mtu, mmeshafundishwa, na Amduat, kitabu cha safari ya jua usiku chini ya ardhi, mnakijua, kwa hiyo sitarudia hayo. Nataka tu mjifunze kuuliza swali moja kabla ya kuandika sentensi ya kwanza: huyu anayesafiri ni nani, alizikwa lini, na maneno haya yaliandikwa juu ya kitu gani?

1. Moyo wa marehemu unapopimwa katika hukumu, hautakiwi kuwa mwepesi kuliko unyoya. Karibu nusu yenu mmeandika kwamba unatakiwa. Fungueni karatasi ya tatu ya papiri ya kaburini ya mwandishi Ani, iliyotengenezwa karibu mwaka 1250 KK na iliyomo sasa katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, mtazame picha yenyewe badala ya kusoma maelezo yaliyopachikwa chini yake. Moyo umo katika kitanga kimoja, unyoya wa Maat, yaani ukweli na haki, umo katika kingine, na mti wa mizani umelala sawa, huku Anubis, mungu mwenye kichwa cha mbweha, akiwa amepiga goti kuhakikisha kwamba kipimo ni cha haki. Kinachotafutwa ni ulingano. Ammit, mwenye kichwa cha mamba, kifua cha simba na makalio ya kiboko, anasubiri nyuma ya Thoth, mungu mwandishi, ili amle aliyeshindwa, na atasubiri milele, kwa sababu hakuna papiri inayomwonyesha akimla mwenye papiri. Fikirini: ni nani angegharamia mwandishi na mchoraji, kisha akubali kuchorewa siku aliyoshindwa? Picha ile haielezi kesi iliyokwisha kusikilizwa. Iliwekwa kaburini ili kesi iishe vizuri, na ndiyo maana mwenyewe anaitwa Osiris Ani hata kabla hajafika mbele ya Osiris, mungu mtawala wa wafu.

2. Msiunganishe vipande vya zama mbalimbali kuwa safari moja. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Nilipokuwa mwaka wa kwanza nilipewa semina juu ya mada hii hii. Nilisoma kwa bidii ya mtu ambaye hajui anachokitafuta, na kila nilipokutana na jambo la kuvutia nililiandika katika daftari bila kuandika limetoka wapi. Mwishowe nilichukua karatasi ya manila nikachora ramani. Marehemu wangu alianza kwa kumwamsha mvushaji ambaye uso wake umegeukia nyuma, akapanda chombo, akapita njia ya maji na njia ya nchi kavu zenye ziwa la moto katikati, akazimaliza saa 12 za usiku pamoja na jua, akazikana dhambi mbele ya waamuzi 42, akapimwa moyo, akafika katika Mashamba ya Matete, pepo ya Wamisri, na kuwakabidhi majembe shabti wake 401, vile visanamu vya kumfanyia kazi. Kila kituo kilikuwa na mshale. Nilijivunia mishale ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kukifanya darasani.

Mwalimu wetu alikuwa mama mpole ambaye hakuwahi kupandisha sauti, na siku ile pia hakuipandisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Marehemu wako anaitwa nani?” Nikajibu kwamba ni Mmisri. Akauliza, “Mmisri yupi?” Nikasema Mmisri yeyote wa kale. Akaiomba kalamu yake nyekundu kutoka mezani, akaenda ubaoni palipobandikwa manila, akaanza kuandika tarehe kando ya kila mshale. Mvushaji nilikuwa nimemtoa katika piramidi ya Unas kule Saqqara, karibu mwaka 2350 KK, ambako msafiri ni mfalme, na safari yake inaelekea juu mbinguni, si chini ya ardhi. Njia mbili nilikuwa nimezitoa katika sakafu za majeneza ya maofisa wa Deir el-Bersha, zama za Ufalme wa Kati. Saa 12 zilikuwa za kaburi la Thutmose III katika Bonde la Wafalme, na katika Amduat hiyo hakuna mizani ya moyo hata moja. Msafiri mkuu ni jua lenyewe. Mizani ilikuwa ya Ani, aliyekuwa mwandishi, si mfalme. Seti ya shabti 401 ilinipeleka mpaka karibu mwaka 1000 KK. Alipomaliza alirudi nyuma hatua moja, akasoma tarehe zake kwa utaratibu, akasema, “Mwanangu, huyu ametembea zaidi ya miaka 1,300 na hata jina hatujampa.” Darasa zima lilicheka. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Hilo lingeisha pale lau ningekuwa mchoyo. Lakini usiku uliotangulia nilikuwa nimewagawia wenzangu nakala za ramani ile, nao, kwa kuwa mishale ni rahisi kukariri kuliko tarehe, waliendelea kuitumia mpaka kwenye mtihani, ambako ilituadhibu sote bila upendeleo. Kisha wakawarithisha waliokuja baada yao. Ninalijua hili kwa ushahidi. Katika sakafu za majeneza ya Deir el-Bersha ziwa la moto ni jekundu, njia ya maji ni ya buluu na njia ya nchi kavu ni nyeusi. Mimi sikuwa na kalamu nyekundu, nikalipaka ziwa la moto rangi ya kijani, nikiwa na nia ya kuandika maelezo pembeni ambayo sikuyaandika. Mwaka huu mmoja wenu ameniandikia aya nzima kuhusu ishara ya uzazi na mimea katika “ziwa la moto la kijani”. Nimempa alama kwa ubunifu, na namwomba radhi hadharani, lakini wenye nakala ya ramani hiyo waichane leo.

3. Kila dondoo liwe na anwani yake: jina la mwenye kaburi, mahali, zama, na namba ya sura au ya karatasi. Namba za sura za Kitabu cha Wafu, yaani mkusanyiko wa maneno ya kumsaidia marehemu ambao papiri ya Ani ni nakala yake mojawapo, zilianza na mtaalamu Mjerumani Lepsius mwaka 1842, alipochapisha papiri ya Turin yenye sura 165, kwa hiyo Ani hakuwahi kujua kwamba anasoma “Sura ya 125”, ile ya hukumu. Karatasi 37 za papiri ya Ani nazo ni mikato ya Budge, aliyeinunulia Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1888. Msijenge hoja juu ya mahali ukurasa unapoishia. Na tafsiri ya Budge iacheni ipumzike.

4. Shabti si watumwa waliouawa ili wamfuate bwana wao. Wahudumu waliozikwa pembeni ya wafalme kule Abydos ni wa Nasaba ya Kwanza, na desturi hiyo ilikoma mapema. Shabti walikuja takriban miaka 1,000 baadaye. Someni Sura ya 6 mwone kilichomsumbua mtu yule: alihofia kuitwa kulima, kumwagilia kingo na kusomba mchanga, akatengeneza kisanamu cha kuitika “niko hapa” badala yake. Tutankhamun, ambaye hakuwahi kushika jembe, alizikwa na shabti 413, mmoja kwa kila siku ya mwaka, wanyapara 36, na wengine 12 wa miezi. Watu wanaoandaa wanyapara wa peponi hawakuwa wakiabudu kifo, kama mlivyopenda kuandika. Waliyapenda maisha haya haya, ila bila kazi ya shamba.

5. Kuhusu mizani na dini zetu. Najua mmelelewa mkisikia habari za mizani ya Siku ya Kiyama, na siwakatazi kulinganisha. Ninakataa tu mnapolinganisha kabla ya kueleza. Hukumu ya Ani ni ya Ani peke yake, baada ya kifo chake, wala hakuna siku moja ya watu wote. Tazameni pia shahidi ni nani. Wengi wenu mmeisikia Yasini ikisomwa msibani, na katika aya ya 65 midomo inafungwa, mikono inasema na miguu inatoa ushahidi. Sasa someni Sura ya 30B, iliyochongwa juu ya mbawakawa wa jiwe la kijani na kuwekwa kifuani mwa maiti: mtu anauomba moyo wake mwenyewe usisimame kushuhudia dhidi yake, usimpinge mbele ya mlinzi wa mizani. Pande zote mbili mwili unajua siri za mwenyewe, lakini Mmisri alizikwa na maneno ya kuunyamazisha. Tofauti hiyo ina thamani kuliko kurasa tatu za “dini zote zinafanana”.

Insha ya pili ni juu ya saa ya sita ya Amduat, pale jua linapokutana na mwili wa Osiris usiku wa manane. Chagueni kati ya kaburi la Thutmose III, ambalo kuta zake zimechorwa kana kwamba papiri kubwa imekunjuliwa kuzunguka chumba, na lile la Useramun, waziri wake, kisha mnieleze mtu asiye mfalme alikuwa akifanya nini na kitabu hicho. Jina la marehemu liwe katika mstari wa kwanza, na tarehe iwe pembeni yake.