Harufu moja, pua mbili

SWALI: Nikitia dania mbichi kwenye kachumbari, mume wangu husema inanuka sabuni. Lakini pilau yenye dania huila bila neno. Je, ni madeko? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Si madeko, mwamini. Majani ya dania (wengine huyaita giligilani) yana aldehaidi, kemikali ambazo jamaa zake hupatikana pia kwenye sabuni. Pua ya binadamu ina aina 400 hivi za vipokezi vya harufu, kila aina ikitokana na jeni yake, na jeni hizo hazifanani kwa watu wote. Jeni iitwayo OR6A2 imehusishwa na hao wanaonusa sabuni kwenye dania. Urithi si sababu pekee, kwani aliyezoea kula majani hayo tangu utotoni huwa hayamkeri sana.

Kwenye pilau unatia mbegu kavu. Harufu ya mbegu hutokana zaidi na linaloli, kemikali nyingine kabisa, ndiyo maana hasumbuki.

Jaribu kuyatwanga majani badala ya kuyakatakata. Yakipondwa, vimeng'enya vyake huanza kuzivunja aldehaidi. Kwa hiyo twanga na pilipili na ndimu, uiache chatini itulie kwanza. Kuyapika nako hupunguza harufu hiyo. Akikataa bado, mtengee kachumbari yake kabla hujatia dania.

SWALI: Najipaka miski na sisikii kitu, ila wenzangu ofisini wanalalamika kuwa nimezidisha. Nani mkweli? – Msomaji, Unguja

JIBU: Huenda nyote. Kwanza, pua huzoea: harufu uliyokaa nayo mfululizo huacha kuisikia, mgeni akiingia inampiga usoni. Pili, kuna watu wenye pua nzima kabisa wasiosikia baadhi ya kemikali za miski. Hili ni jambo la kawaida, wala si ugonjwa.

Kujua lipi lako, jipime asubuhi kabla ya kujipaka. Kata vipande vitatu vya karatasi ileile. Kimoja kitie tone la miski, viwili tone la mafuta yasiyo na harufu. Ukiviacha hivyo viwili vikavu, utakitambua chenye miski kwa unyevu na jaribio limeharibika. Mwenzako avichanganye, wewe ufumbe macho, unuse bila kuvigusa, useme kipi chenye miski. Rudieni mara sita, mkipumzika nusu dakika kila mara ili pua isichoke. Anayebahatisha hupata kama mbili kati ya sita. Ukipata tano au sita, unaisikia, na tatizo ni mazoea. Ukipata mbili hivi, rudia siku nyingine usiyokuwa na mafua. Matokeo yakiwa yaleyale, basi usipime kiasi kwa pua yako. Weka idadi ya matone, moja au mawili, usiongeze hata ukihisi hayapo.

SWALI: Tangu nipone Uviko, kahawa na vitunguu vinanuka uozo. Itaisha? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Wengi hupata nafuu, ila taratibu, kwa miezi. Neva za harufu zilizoumia hujijenga upya, na katika kipindi hicho ujumbe unaofika kwenye ubongo huwa umevurugika. Kuna zoezi linalosaidia baadhi ya watu: nusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, kila moja sekunde 20, asubuhi na jioni, kwa wiki 12 au zaidi. Vuta pumzi fupifupi na ukumbuke harufu ilivyokuwa zamani. Usinuse mafuta makali moja kwa moja kutoka kwenye chupa; dondoshea kwenye pamba. Usiache mapema.

Muone daktari wa masikio, pua na koo ikiwa harufu ilipotea baada ya kuumia kichwa, au tundu moja tu la pua ndilo limeathirika. Na kama unapikia gesi, mtu mwingine wa nyumbani akague mtungi na mpira wake kwa povu la sabuni, kwa sababu pua yako kwa sasa haiwezi kukuonya ikivuja.