Uvimbe umerudi pale pale

SWALI: Daktari, mwaka 2011 nilitolewa uvimbe wa tezi ya mate chini ya sikio la kushoto, nikaambiwa si saratani. Juzi nafunga mtandio, nikagusa vinundu vitatu vigumu kama kunde, kando ya kovu. Nimekosea wapi? – Mama, Tanga

JIBU: Pole sana, mama. Hujakosea popote. Uvimbe huo, pleomofiki adenoma, una ganda jembamba. Ukichomolewa wenyewe bila nyama ya tezi inayouzunguka, chembe husalia na kuota tena, hata miaka 15 baadaye. Tafadhali usikandwe. Piga MRI, yaani picha ya ndani ya mwili kwa sumaku, umwone mpasuaji aliyeizoea tezi hii, maana neva ya uso, inayoendesha misuli ya uso na mdomo, hupita humo humo na kovu huificha. Mdomo ukianza kupinda, au kinundu kikikua haraka, usingoje hata wiki.