Vitu vya Jasusi Mezani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji wa Ujiji, Kigoma. Nataka kuchora vitu vilivyopangwa mezani vyenye hali ya riwaya za ujasusi nilizozipenda tangu ujana, hasa zile za Elvis Musiba, lakini kila nikiweka bastola, picha hugeuka jalada la kitabu. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, iondoe bastola. Msomaji wa Musiba, aliyeanza kumfahamu jasusi wake Willy Gamba katika riwaya ya Kufa na Kupona mwaka 1974, anajua kwamba hofu huanza kabla risasi haijalia, pale kitu cha kawaida kinapokuwa na maana inayojulikana na mtu mmoja tu. Chora tiketi ya treni, ufunguo, na vikombe viwili vya kahawa, kimoja kikiwa hakijaguswa. Mtazamaji atajiuliza mwenyewe aliyeondoka ni nani. Bahasha ndiyo ningeipa muda mwingi kuliko vyote: ukingo wake uwe umeinuka kidogo, gundi imekwaruzwa, na chini yake pawe na kivuli chembamba cha kahawia, si cheusi.

Mtafute pia Cornelis Gijsbrechts, mchoraji wa karne ya 17, aliyechora barua zilizobanwa ukutani kwa utepe kwa ustadi wa kumfanya mtu atamani kuzichomoa. Kwake utaona jinsi karatasi iliyofichwa nusu inavyovuta jicho kuliko iliyo wazi.

Kuhusu mwanga, chora jioni karibu na dirisha la magharibi, jua linapoteremka ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, kwa kuwa vivuli hurefuka. Ila harakisha kuviweka kwanza, kwani havisubiri.