Mzee wa Ujiji ni wa nani?

SWALI: Ndugu Mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu hapa Ujiji, na ninaandika riwaya ya fantasia kuhusu binti wa mvuvi anayefuatwa ziwani kila usiku na mtumbwi usio na mtu, wenye karabai inayowaka. Mzee mmoja ashonaye nyavu ndiye anayemwelekeza. Mwenzangu aliyesoma mswada anasema kwamba mzee huyo ni yule mchawi mwenye ndevu wa riwaya za Kizungu, na kwamba nimeazima arketipu za watu, yaani sura za wahusika zinazojirudia katika hadithi. Je, nimfute?
Mwalimu, Ujiji

JIBU: Mwalimu, usimfute. Neno arketipu lilienezwa na Carl Gustav Jung (1875–1961), daktari wa akili wa Uswisi, aliyeona kwamba ndoto za wagonjwa wake na ngano za mataifa yaliyo mbalimbali zilirudia sura zilezile: mzee mwenye hekima, mama mkuu, ayari kama Sungura wetu, na Kivuli, yaani ule upande wa nafsi ambao mtu hataki kukiri kuwa ni wake. Hata hivyo, Jung hakudai kwamba tunazaliwa na picha hizo zikiwa kamili. Tunachorithi, alisema, ni umbo tupu, akalifananisha na mpangilio unaoongoza fuwele kujijenga ndani ya maji. Wewe uliye Kigoma unaweza kulishuhudia jambo hili katika chumvi ya Uvinza: maji yake yakikauka, chembe hujipanga kwa pembe za mraba bila kuchongwa na yeyote, na bado ukizimwaga kiganjani hutapata mbili zilizo sawa kabisa.

Kwa hiyo kufanana si ushahidi wa kuiba. Mwaka 1968, Mmarekani Ursula K. Le Guin alichapisha A Wizard of Earthsea, ambamo kijana mchawi, kwa kiburi chake, anafungulia kivuli kinachomwinda hadi anapogeuka na kukiwinda yeye, kisha akakiita kwa jina lake mwenyewe. Wasomaji wengi waliuona mkono wa Jung humo, ilhali mwandishi alieleza kwamba alipoiandika alikuwa hajamsoma.

Sasa linganisha na Fumo Liyongo wa masimulizi ya pwani. Adui yake hatoki katika nafsi yake bali nyumbani mwake: mwanawe anarubuniwa, anamchoma baba sindano ya shaba kitovuni akiwa amelala, na Liyongo anakwenda kupiga goti kisimani, upinde mkononi, anafia hapo, na watu wanaogopa kuteka maji wakidhani angali hai. Kivuli hiki ni cha ukoo, na uzito wake unaonekana katika mitungi mikavu ya mji mzima. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaoufuata mno mchoro wa safari ya shujaa (anaondoka kwao, anapambana, kisha anarudi) uliotolewa na Mmarekani Joseph Campbell, mchambuzi wa visasili, mwaka 1949, kwa sababu mchoro huo humtazama zaidi anayeondoka, na waliobaki na kiu hawaonekani.

Basi umuulize mzee wako anamdai nini binti huyu. Mchawi wa riwaya nyingi za kigeni hutokea njiani, hutoa shauri, kisha hutoweka. Mzee wa Ujiji ana mtaa, ana wakwe, huamkiwa shikamoo kila asubuhi, na binti akizama, mama yake atakwenda kubisha mlangoni kwa mzee huyo huyo. Mwandike akiwa na hofu ya mlango huo huku akiziba tundu la wavu, na hakuna atakayemdhania mgeni.

Ninachokitilia shaka zaidi ni ule mtumbwi. Umeupa mwanga lakini hukuupa mwenyewe. Karabai haijiwashi, kuna mtu aliyeitia mafuta kabla ya kwenda kuvua dagaa usiku ule, na naamini binti anamfahamu kwa jina, ila nyumbani kwao jina hilo halitajwi.